Mwenye Kujificha na Mwenye Kujitokeza

Miongoni mwa maswali ambayo vijana hawachoki kuyauliza ni lile la nani zaidi. Mwenye karate akikutana na mwenye judo, nani atamlaza mwenzake chini? Na yule ninja wa kwenye video, apandaye kuta kama mjusi na kutoweka ndani ya moshi, ni nani atakayemweza? Nimelisikia swali hili mabarazani hapa Ole, nimelisikia katika mabweni ya skuli nilizofundisha, na hata leo nalisikia kwa wajukuu ambao wanazitazama picha zile zile kwenye simu zao. Ni swali tamu, lakini nadhani limekaa upande. Fani hizi hazikuzaliwa ili zishindane. Kila moja ni jibu la swali lake, na aliyeliuliza swali hilo alikuwa na shida yake, adui wake na mahali pake. Tukitaka kuzilinganisha kwa haki inafaa tuulize jambo jengine: kila fani inamfundisha mtu awe mtu wa namna gani?

Nimeichagua ninjutsu kwa sababu ndiyo inayotutatiza zaidi. Judo, karate, mieleka, fimbo, zote hizi humtaka mtu ajitokeze mbele ya mwenzake. Ninjutsu humtaka ajifiche. Sisi watu wa visiwa hivi tumelelewa kuamini kwamba mwanamume hupigana uso kwa uso, na apigaye kisogoni ni mwoga. Je, kuna heshima gani katika fani ambayo msingi wake ni kujificha? Hilo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja, msomaji, bila ya haraka.

Kwanza tuondoe mambo ya sinema. Filamu za ninja zilienea duniani katika miaka ya 1980. Ile iitwayo Enter the Ninja ilitoka mwaka 1981, na American Ninja ikafuata mwaka 1985. Kwetu ziliingia kwa kanda za video, zikawakuta vijana ambao tayari walikuwa wamelewa mapigo ya Bruce Lee, aliyefariki mwaka 1973 akiwa na miaka 32 tu. Katika filamu hizo ninja ni mtu mweusi tiititi kuanzia kichwani hadi miguuni, arushaye nyota za chuma na kuua watu kumi kwa dakika moja. Vazi lile jeusi limetokana zaidi na michezo ya jukwaani na picha za wachoraji kuliko vita vyenyewe. Mtu anayetaka asitambulike hawezi kuvaa nguo ambayo kila aionaye atasema huyo ni ninja. Wale wa kweli walivaa kama wakulima, wachuuzi, wapiga zumari na watawa wa dini yao, kwa kuwa ukitaka kupita katika mji wa adui bila ya kuulizwa ni bora ufanane na kila mtu.

Kwa Kijapani cha zamani waliitwa shinobi. Sehemu mbili zilizosifika kwa watu hawa ni Iga na Koga, nchi za milima na mabonde yaliyojitenga, ambako koo ndogo ndogo zilijitawala zenyewe katika zama ambazo Japani nzima ilikuwa ikiwaka vita. Mwaka 1581 mbabe wa vita Oda Nobunaga aliishambulia Iga kwa jeshi kubwa na kuiangamiza. Waliosalimika walitawanyika, na baadhi yao wakaingia katika utumishi wa ukoo wa Tokugawa, ambao baadaye uliitawala Japani kwa zaidi ya miaka 250. Kazi yao kubwa haikuwa kupigana. Ilikuwa ni kupeleleza, kupenya ngomeni, kutia moto, kupotosha habari, na juu ya yote kurudi salama. Mpelelezi aliyekufa kishujaa uwanjani alikuwa ni hasara tupu, kwa kuwa habari alizozibeba zilikufa naye.

Maarifa hayo yalikuja kuandikwa pale vita vilipokwisha, kwa hofu kwamba yatasahaulika. Kitabu kikubwa kuliko vyote, Bansenshukai, kilikusanywa mwaka 1676 na mtu wa Iga aitwaye Fujibayashi. Kingine, Shoninki, kiliandikwa mwaka 1681. Anayeingia humo akitafuta mapigo ya ngumi na mateke atatoka mikono mitupu. Atakuta habari za hali ya hewa, namna ya kubadili sura na lahaja, namna ya kuzoeana na watu, dawa, baruti na vyombo vya kuvukia maji. Hivyo basi, kuuliza kama ninjutsu inaishinda karate ni kama kuuliza kama upishi unaushinda ushoni.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lafaa lisemwe kwa uaminifu. Ninjutsu inayofundishwa leo katika vyumba vya mazoezi duniani imetoka kwa walimu wa karne ya 20, na anayejulikana zaidi kati yao ni Masaaki Hatsumi, mwanafunzi wa Toshitsugu Takamatsu aliyefariki mwaka 1972. Wao husema wameirithi kwa mnyororo usiokatika. Wanahistoria wengi wanautilia shaka mnyororo huo. Hilo haliwafanyi wanafunzi wao kuwa wapumbavu, kwani mtu anaweza kupata afya na adabu katika mazoezi ambayo nasaba yake haikuthibiti. Lakini mwenye kutaka kuihukumu fani ya zamani asiihukumu kwa kilichomo katika ukumbi wa leo.

Sasa tuzitazame zile fani za kujitokeza. Judo iliasisiwa mjini Tokyo mwaka 1882 na Jigoro Kano, naye alikuwa mwalimu. Kwa miaka mingi alikiongoza chuo kikuu cha kufundishia walimu mjini humo, na mimi niliyepita chuo cha ualimu nikatumikia chaki hadi kustaafu nina sababu ya kumwonea fahari. Alizichukua mbinu za mieleka ya kale, akaziondoa zile za kuvunja na kuua katika mchezo wa kawaida, akabakisha kuangusha na kushika. Kwake yeye mtu unayepambana naye hakuwa adui. Alikuwa mshirika wa somo, na bila yeye hujifunzi. Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate kisiwani Okinawa na kuionesha Tokyo mwaka 1922, naye alikuwa mwalimu wa skuli, na alisisitiza kwamba mwenye karate hawi wa kwanza kupiga. Sidhani kuwa ni sadfa tupu kwamba wote wawili walitoka darasani. Mwalimu hujua kuwa mtoto ukimpa nguvu bila ya mpaka umemdhuru yeye na jirani yake. Ndiyo maana katika fani hizo mna kuinamiana kabla na baada, mna mwamuzi, mna alama ya kusema basi.

Zanzibar nayo imeonja. Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia Unguja katika miaka ya 1980, alianza kuwafundisha vijana judo katika miaka ya 1990, na mchezo ule ukaota mizizi. Haukukuta ardhi tupu. Sisi tulikuwa na vyetu.

Hapa Pemba tuna kirumbizi, ambacho ndugu zetu wa Lamu nao wanacho. Ngoma inalia, zumari inaita, watu wamefanya duara, na wawili wanaingia kati na fimbo zao. Kuna kucheza na kuna kupiga, na mgeni hawezi kujua kucheza kumeishia wapi na kupiga kumeanzia wapi. Mwenyewe mwenye fimbo anajua. Anajua pia kwamba macho ya mji mzima yako juu yake, akiwamo baba mkwe wa kesho. Akipiga kwa choyo wataona. Akipigwa akakasirika wataona vile vile. Tuna pia mchezo wa ng'ombe, ambao humtaka kijana amkabili dume mwenye pembe mbele ya umma, na ng'ombe hauawi. Wenzetu wa Makunduchi, Unguja, wana Mwaka Kogwa kila ifikapo mwezi wa Julai, ambapo wanaume wa pande mbili hupigana kwa mashina ya migomba huku wanawake wakiimba, na kisha kibanda cha makuti huchomwa moto. Wenyewe husema kwamba kwa kupigana vile wanamaliza vinyongo vya mwaka mzima. Ukitazama utaona kwamba siri ya michezo hii yote ni kuwa haina siri. Ugomvi unatolewa uani na kuwekwa uwanjani, mchana, mbele ya mashahidi, ili ukatike.

Kufikia hapa msomaji anaweza kuona hukumu imeshapita: wa kujitokeza ni bora, wa kujificha ni duni. Mimi pia nilipata kusema hivyo barazani, na mwalimu mwenzangu, mtu mpole asiyezoea kubisha, akanijibu, "Mwalimu, anayependa uwanja wa wazi ni yule mwenye nguvu. Mnyonge akitoka uwanjani anamrahisishia kazi mwenzake." Neno lile lilinikaa moyoni, kwa sababu lina ukweli ambao hauwezi kukwepwa.

Chukua mfano wa capoeira ya Brazil. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, wengi wao kutoka pande za Angola, waliikuza fani ya kupigana iliyovikwa nguo za ngoma. Anayepita aliona watu wanacheza, wanaimba na kupiga makofi. Sheria ya jinai ya nchi hiyo ya mwaka 1890 iliipiga marufuku, na ni katika miaka ya 1930 tu ndipo ilipoanza kufundishwa kwa ruhusa. Mwaka 2014 UNESCO iliitambua kuwa urithi wa wanaadamu. Je, tutawaambia watu wale kwamba walikuwa waoga kwa kuificha? Wangejitokeza kwa nani, na mwamuzi angekuwa nani? Duara la kirumbizi linafaa pale ambapo wote wawili wana fimbo za urefu mmoja na wazee wa haki wamesimama pembeni. Palipo na bwana na mtumwa hapana duara.

Na sisi Waislamu wa visiwa hivi tuna habari iliyo karibu zaidi. Mtume alipohama Makka hakutoka mchana mbele ya waliotaka kumwua. Alitoka usiku, Ali akalala kitandani pake, na yeye na Abubakar wakakaa katika pango la Thaur siku tatu. Hakuna mtoto wa chuoni anayeona aibu katika kisa hicho. Kujificha kule kulikuwa ni kuhifadhi uhai na amana, na wala hakukuwa na mtu aliyedhulumiwa kwako.

Kwa hiyo kujificha kwenyewe si dhambi wala si fahari. Ni chombo, na chombo hutazamwa mkono uliokishika. Nikiwa mwalimu mkuu nililijua hili kwa njia ya barua zisizo na jina. Kila mwalimu mkuu huzipata, zimesukumwa chini ya mlango wa ofisi usiku. Katika skuli moja nililetewa karatasi yenye mwandiko wa kujipotosha, ikisema kwamba chakula cha wanafunzi wa dakhalia kinapungua ghalani. Nilipima magunia na daftari, nikakuta ni kweli, na mambo yakarekebishwa. Mtoto aliyeandika hakuwa na njia nyengine, kwani aliyekuwa akimwogopa ndiye aliyekuwa akimpakulia. Mwaka haukupita nikaletewa karatasi nyengine, ikimtuhumu mwalimu kijana kwa jambo baya. Nililichunguza, nikawahoji wote, halikuwa na chembe ya ukweli. Lakini habari ilikwishavuja, na yule kijana aliomba uhamisho akaondoka. Karatasi mbili, giza moja, mlango mmoja. Mwandishi wa kwanza alijificha ili kumkinga mwenye njaa. Wa pili alijificha ili kumpiga asiyeweza kumjibu. Lau ningezichana zote bila ya kuzisoma ningewaacha watoto na njaa. Lau ningeziamini zote ningekuwa fimbo mkononi mwa kila mfitini.

Ajabu ni kwamba wazee wa Iga nao waliliona hilo hilo. Katika kitabu cha Fujibayashi, kabla ya hila na kabla ya vyombo, imetangulizwa milango inayohusu unyofu wa moyo. Anasema, kwa maneno mengi ambayo mimi nayafupisha, kwamba ujuzi wa kupenya nyumba za watu usiku ukikosa moyo ulionyooka hautofautiani na wizi. Na herufi wanayoliandikia jina la fani yao, nin, imefanywa kwa picha mbili: juu ni makali ya upanga, chini ni moyo. Maana yake ni kujificha, na maana yake pia ni kustahimili. Kwa lugha yetu tungesema ni siri na subira ndani ya neno moja. Moyo uko chini ya makali na hautikisiki. Hiyo ni maana nzito, na filamu zote nilizozitaja hapo juu hazikuwa na nafasi nayo.

Basi tofauti iko wapi, ikiwa pande zote mbili zinasisitiza moyo? Naona iko katika nani anayeuchunga moyo huo. Katika duara la kirumbizi, na katika ukumbi wa judo, moyo wangu unachungwa na watu wengine pia. Nikipotoka kuna mwamuzi, kuna mwalimu, kuna wazee, kuna macho ya jirani. Katika fani ya kujificha hakuna anayeniona. Nimebaki peke yangu na nafsi yangu, nami najua kuwa nafsi ni wakili hodari, haikosi hoja. Leo inaniambia najificha kwa ajili ya wanyonge, kesho inaniambia hivyo hivyo hali mnyonge ni yule ninayempiga. Ndiyo maana fani ya kujificha inahitaji mtu mwadilifu zaidi kuliko fani ya kujitokeza, na ndiyo maana haifai kufundishwa kila mtu.

Hili kwetu si jambo la vitabuni tu. Neno ninja limeshaingia katika Kiswahili cha mitaani, na watu wa pwani hulitumia kwa mzaha kwa mwanamke aliyejifunika uso akaacha macho. Mzaha huo mimi siupendi, kwa kuwa unachanganya vitu viwili. Mwanamke yule amejistiri. Jirani zake wanamjua, na hakufunika uso ili amdhuru mtu. Lakini visiwa vyetu vimewahi pia kuona vifuniko vya namna nyengine. Katika misukosuko ya uchaguzi wa mwaka 2015 na marudio yake ya mwaka 2016 zilisikika habari za watu waliofunika nyuso zao, wakizunguka mitaani na kupiga raia. Wananchi waliwapa jina la mazombi. Mimi sina la kusema juu ya nani aliwatuma, na kitabu hiki si cha siasa. Nasema tu kwamba mwenye nguvu akifunika uso amejipa ruhusa ya kutokuwa mwanaadamu kwa usiku mmoja. Asubuhi atafungua duka lake, atakusalimia, nawe hutojua. Mji ambao watu wake hawajui ni nani aliyewapiga hauwezi kusameheana, kwa kuwa hakuna wa kumsamehe. Makunduchi wanapigana migomba wakiwa na nyuso wazi, na jioni wanakula pamoja.

Kutokana na haya nimejitengenezea vipimo vitatu, navyo nampa mzazi yeyote anayeniuliza kama amruhusu mwanawe kujifunza fani fulani ya kupigana. Cha kwanza, je, katika fani hiyo kuna mtu mwenye haki ya kumwambia basi, naye akatii? Cha pili, je, anayefundishwa anaweza kuitenda mbele ya mama yake bila ya kuona haya? Cha tatu, ikiwa fani inamtaka ajifiche, anajificha kutokana na nani: aliye juu yake, au aliye chini yake? Judo na karate, zikifundishwa na mwalimu wa kweli, zinapita katika vipimo vyote vitatu. Kirumbizi chetu kinapita, na tena hakihitaji ukumbi wala ada, kinahitaji uwanja na wazee wenye kujua. Ninachosikitikia ni kwamba vijana niliowafundisha katika miaka ya mwisho waliweza kuyataja mapigo ya Japani kwa majina yake kabla ya kuweza kushika fimbo ya babu zao.

Na ninjutsu? Kama ni ile ya filamu, inaanguka katika kipimo cha kwanza tu, kwa kuwa yule mtu mweusi hana wa kumwambia basi. Kama ni ile ya wazee wa Iga, nasita kuiangusha. Walikuwa watu wa mabondeni, wachache, waliozungukwa na majeshi makubwa, na kila mnyonge wa dunia hii ana haki ya pango lake. Lakini zama zao zilipokwisha, wale waliosalia waliviweka vitabu kabatini wakarudi kulima mpunga. Kwa maoni yangu hilo nalo ni funzo. Kujificha ni kwa muda wa dhiki. Dhiki ikiondoka, mtu muungwana hutoka nje, akavua kifuniko, akawapa watu mkono na jina lake.